Mtoto wa mbwa anayekimbia watu: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yote ni ya mbwa wachanga waoga. Nimeyafupisha, na naanza na la Mikindani kwa sababu jibu lake linabeba sehemu kubwa ya mengine.

Nimeletewa mtoto wa mbwa wa kama miezi minne kutoka shambani huko Nanyamba. Tangu afike amejichimbia uvunguni mwa kitanda cha uani, hali mpaka tulale. Mume wangu anasema nimvute nje azoee. Nifanyeje? (Mama, Mikindani)

Usimvute, mama. Leo atatoka kwa kuburutwa, kesho ataingia ndani zaidi, na siku atakayokosa pa kuingia atang'ata. Mbwa aliyekulia shambani bila kushikwa na watu hakuchukii. Hajui tu wewe ni kitu gani. Uvungu huo ndio mahali pekee anapojiona salama, basi mwachie. Mwekee maji karibu na gunia kuukuu la kulalia, na watoto waambiwe kule hakuna kuchungulia.

Kazi yako ni kukaa. Jioni ukishatua shughuli, keti mkekani hatua kadhaa kutoka kitandani, umpe ubavu badala ya uso, maana kumkodolea macho mbwa mwoga ni kumtisha. Chambua mchele wako, piga soga kwa sauti ya chini. Kuwa na dagaa wachache wasio na chumvi, umtupie mmoja mmoja. Hapa wengi hukosea: huwatupa karibu na miguu yao ili wamvute aje. Mbwa anasogea kwa njaa huku anaogopa, akishameza anajikuta yuko pua kwa pua na mtu, anashtuka, na mnaanza upya. Watupe kule kwake, wengine nyuma yake. Akishajua kwamba anaweza kula na kurudi nyuma wakati wowote, atakuja kwa hiari yake.

Siku atakapokuja kunusa goti lako, usinyooshe mkono. Anuse, aondoke. Akianza kukaa karibu, mkune kifuani au chini ya kidevu kwa migongo ya vidole. Usianzie kichwani, kwa sababu mkono unaoshuka kutoka juu humtisha. Mkune kidogo, kisha uondoe mkono. Akisogea auombe tena, endelea. Akigeuza uso, akilamba midomo ilhali hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, au weupe wa jicho ukionekana pembeni, anakuambia basi. Mwitikie hapo hapo. Kila unapomwitikia anajifunza kwamba kwako wewe hana haja ya kung'ata ili asikilizwe, na huo ndio uaminifu wenyewe.

Kuhusu muda, mbwa huzoea watu na vitu vipya kwa wepesi zaidi kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi. Wako ameshapita hapo. Bado anajifunza, ila polepole, na huenda akabaki kuwa mbwa wa watu wachache. Wageni wakija, mwache uani kwake, asiitwe ili aonyeshwe.

Nataka mbwa wa kulinda mikorosho. Wazee wananiambia nimfunge mnyororo peke yake tangu mdogo, asiguswe na mtu, ndipo atakuwa mkali. Sasa wangu anatetemeka hata nikimpelekea ugali. (Mkulima, Tandahimba)

Kaka, wazee nawaheshimu, lakini hapa sikubaliani nao hata kidogo. Mbwa anayetetemeka hakulindii kitu. Mwizi akija na rungu atajificha, na mtoto wa jirani akija kuokota mabibo atamng'ata, kwa sababu huyo ndiye anayemmudu. Mbwa mlinzi hubweka kwa kujiamini: anawajua wa kwao, anajua mipaka ya shamba lao, na asiye wa humo anaonekana mara moja. Hawezi kuyajua hayo akiwa amefungwa kwenye shina moja mchana na usiku.

Mfungue akiwa na wewe. Kama bado anakukimbia, mtumie kamba ndefu iliyolegea, upite naye shambani asubuhi, usimame anaposimama. Ugali wake wa siku za mwanzo utoke kwako, si kwa kila apitaye. Kama jirani ana mbwa mkubwa mtulivu aliyechanjwa, waache wakutane, kwani mbwa mchanga hutazama sana mwenzake anavyowapokea watu. Na wakati wa kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mpeleke nyumbani. Unga ule huwasha macho na pua, na mashine inavuma vibaya sana. Mbwa aliyeshtushwa na kishindo huku mnyororo unamzuia kukimbia, hofu hiyo hukaa naye.

Kumpiga ndiyo usithubutu.

Shikamoo daktari. Ngoma za unyago zikianza mbwa wetu mdogo anajikojolea na kutoroka. Bibi anasema nikimbembeleza namzidishia woga. Ni kweli? (Mwanafunzi, Newala)

Marahaba, mwanangu. Hapana. Hofu haiongezeki kwa kubembelezwa. Akikujia, mkalie karibu, uzungumze naye taratibu. Asipokujia, usimfuate. Jioni ya ngoma mwingize mapema kwenye chumba ambacho amekwisha kukizoea, funga mlango, ziba dirisha kwa kanga nzito, mpe mfupa mbichi mkubwa ajishughulishe nao. Usimpe wa kuku uliopikwa, maana huo hupasuka vipande vikali. Siku zisizo na ngoma, mchezeshee mlio wa ngoma kwa simu, sauti ndogo kabisa, huku anakula. Akiendelea kula, siku nyingine ongeza kidogo. Akiacha kula, umezidisha, punguza. Mweleze bibi haya kwa adabu.

Mimi ni Muislamu, mbwa ni wa kulinda mbuzi. Nitamzoeshaje bila kumshikashika? (Baba, Kilwa Kivinje)

Inawezekana kabisa, mzee wangu. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, yanahesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa najisi nzito, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Undani wake muulize sheikh wako. Upande wa mbwa, mkono hauhitajiki sana. Anakuamini kwa sauti yako ile ile kila siku, kwa chakula kinachofika saa ile ile kwenye chombo chake mwenyewe, na kwa kutorushiwa jiwe. Hilo la mawe lisimamie kwa vijana wa mtaani. Mtoto wa mbwa aliyewahi kupigwa mawe huruka hata mtu akiinama kufunga kiatu.

Mbwa wetu mwoga amemparura mtoto kwa meno, damu kidogo tu. Alikuwa amebanwa kwenye kona. Hajachanjwa. Nimuue? (Mama, Lindi mjini)

Mtoto kwanza, mama, na iwe sasa hivi. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali leo leo akaangaliwe kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Udogo wa jeraha usikudanganye. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo, lakini chanjo ikiwahi inazuia. Usipake majivu wala mafuta ya taa.

Mbwa usimuue. Alibanwa, akajitetea, na akiuawa leo hakuna wa kumwangalia kama alikuwa mgonjwa. Mfungie peke yake siku 10, mwite bwana mifugo wa kata aje amwone. Akibadilika, akidondosha mate ovyo, akishindwa kumeza au akifa, rudi hospitali siku hiyo hiyo ukawaambie. Siku hizo zikipita akiwa mzima, achanjwe. Chanjo hiyo mbwa huanza kuipata akiwa na miezi mitatu. Wakati wote huo maji na chakula apelekewe na mtu mzima mmoja, yule yule, anayeweka sahani na kuondoka bila kumsogelea.