Torchwood bila Doctor Who? Anza tu

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuanza Torchwood, tamthilia ya TV ya Uingereza iliyochipuka kutoka Doctor Who, wakati Doctor Who yenyewe hujaigusa. Anza tu. Kipindi cha kwanza, kilichorushwa na BBC Three Oktoba 2006, kimemlenga mgeni: unaingia na Gwen, askari polisi wa Cardiff, ambaye naye hajui lolote.

Usiku, mvua inanyesha, anachungulia kutoka juu kwenye jengo la maegesho na kuona watu wa Torchwood, kikosi cha siri, wakimfufua maiti kwa glavu ya chuma. Marehemu ana dakika mbili tu, nao wanazitumia kumhoji nani kamuua! Mimi hapo hapo nilinasa. Halafu anavyojipenyeza makao yao kwa kujifanya analeta piza, na wao wanavyojikaza wasicheke, utapenda.

Kitakachokupita ni ule mkono kwenye chupa, na hali ya Kapteni Jack, mkuu wa kikosi, ambayo sitaitaja, utaiona mwishoni. Vyote vinatoka Doctor Who ya 2005, vipindi vya mwisho vya msimu wa kwanza na kile cha Krismasi.

Ila watoto wakalale kwanza. Na kile kikosi, usizizoee mapema sura zote.