Shaka na Rai kwa Anayeanza Njia ya Buddha

Wengi wanaoanza kutafakari huogopa kwamba wakiwa na shaka hawafai kuendelea. Wanafaa. Ila shaka ziko za namna mbili, na usipozitofautisha utahangaika sana.

Ya kwanza huitwa vicikiccha kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, nayo ni ya mwisho kati ya vizuizi 5 vya akili katika kutafakari. Shaka hii haitafuti jibu. Umekaa unafuata pumzi, mara inakuuliza: njia hii ni sahihi kweli? Mwalimu huyu anajua anachosema? Au mimi ndiye nisiyefaa? Kabla hujajibu, imeshaleta swali jingine. Usibishane nayo. Itambue, "shaka ipo", urudi kwenye pumzi. Kikao kikiisha, andika swali lenye uzito umpelekee mwalimu.

Ya pili ni ya kuchunguza, na hiyo itunze. Wakalama, watu wa mji wa Kesaputta, walimlalamikia Buddha kwamba kila mwalimu anayepita husifu mafundisho yake na kuponda ya wenzake. Akawaambia wana haki ya kuona shaka. Lakini nakusihi, usiifanye hotuba ile ruhusa ya kuamini unachopenda. Pamoja na mapokeo na maandiko, aliwakataza pia kutegemea mantiki tupu na rai walizokwisha kuzikubali. Aliwataka watazame wenyewe: jambo hili likifuatwa linaleta madhara au manufaa, na wenye hekima wanalisifu au wanalilaumu?

Kuhusu rai, fundisho ninalolithamini kuliko yote limo katika hotuba ya Buddha iitwayo kwa jina la Canki, kuhani wa Kibrahmani. Mwenye imani aseme "hii ndiyo imani yangu", asikimbilie kukata shauri kwamba hili tu ni kweli na mengine yote ni uongo. Hivyo ndivyo mtu anavyoilinda kweli. Lijaribu kwenye suala la kuzaliwa upya, linalowagawa wageni wengi. "Kwa sasa sijashawishika" ni kauli safi kabisa, na haikuzuii kukaa kesho. "Upuuzi mtupu" inafunga mlango, na "lazima iwe hivyo" inaufunga vilevile. Mjadala ukipamba moto, angalia mwili wako: taya limekaza, unangoja mwenzako avute pumzi umkatize. Hapo hutetei tena rai, unajitetea wewe.

Mtawa mmoja, Malunkyaputta, alitaka kujua kama ulimwengu una mwisho. Buddha hakumjibu, kwa sababu jibu lisingemwondolea mateso. Maswali ya aina hiyo yakizuka kikundini, sikiliza kwa heshima, kisha uliza lile linalokusumbua kwenye kikao chako.