Nyumba Lisbon: hela isitoke kabla mkataba haujaingia Finanças (mamlaka ya kodi ya Ureno)

Mkuu, usitume hiyo hela. Umeuliza kuhusu kuhamia Ureno: intaneti, Porto au Lisbon, shule ya mtoto, sawa, lakini mimi nimeganda pale uliposema dalali anataka pango la miezi sita mbele na "mkataba tutaandikishana ukifika". Hapo hapo ndipo nilipoliwa.

Tangu 2023 sheria ya Ureno haimruhusu mwenye nyumba kudai pango la mbele zaidi ya miezi miwili, na amana nayo isizidi pango la miezi miwili. Anayekutajia sita anajua huna mdhamini wa Kireno na una presha ya viza. Maana kwenye D8, ile viza ya wanaofanya kazi kwa mtandao, wanataka ushahidi wa makazi, na mtu akishafikisha kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara cha Ureno (mwaka 2025 ilikuwa euro 3,480 kwa mwezi) anajiona ameshavuka. Kumbe bado.

Nyumba niliyolipia mimi ilikuwepo, sikatai. Almada, ng'ambo ya mto kutoka Lisbon, kuta zina ukungu, na Januari ndani kuna baridi kuliko nje. Nilikuwa nalala na koti kama mlinzi wa zamu ya usiku. Hayo ningevumilia. Shida ni kwamba mwenye nyumba hakuusajili mkataba Finanças, akikwepa ile kodi ya mapato ya pango, wakati ule asilimia 25. Hakuna usajili, hakuna risiti, na kwenye mfumo wa serikali mimi sikai popote! Nikaenda Junta de Freguesia, serikali yao ya mtaa, kuomba barua ya ukaazi. Huna mkataba? Leta mashahidi wawili wapiga kura wa hapa. Mimi niliyekuwa namjua ni mama wa mgahawa wa chini tu, tena kwa sababu ya deni la kahawa. Kiangazi kikaingia, watalii wakaanza kumiminika, nikaambiwa nipishe. Nidai kwa karatasi ipi? Dalali akanipiga bloku. Na yule "mshauri wa viza" aliyeniunganisha naye, aliyekuwa akiniita kaka kila sentensi, akanijibu eti ndivyo Wareno walivyo. Wareno gani! Mama wa mgahawa ni Mreno, na ndiye aliyenilisha supu wiki ile.

Pata NIF kwanza, yaani namba ya mlipakodi ya Ureno, unaweza kuipata ukiwa hukohuko kupitia mwakilishi. Kisha dai caderneta predial, ile karatasi ya nyumba inayotoka Finanças. Jina la mwenye nyumba lililo humo ndilo liwe kwenye mkataba, na ndilo liwe kwenye akaunti ya benki. Msaini, asajili, akutumie uthibitisho, ndipo hela itoke. Akikwambia "huku hatufanyi hivyo", achana naye, hata kama picha zina roshani inayotazama mto. Hasa kama zina roshani.

Intaneti usihofu, faiba ipo karibu kila mahali. Porto mvua nyingi. Shule waulize wenye watoto. Dalali amekutumia caderneta au bado anakuita kaka?