Baruti gani kwa .308 na kichwa cha greni 165?

Mkuu, swali lako ni hili: una .308 Winchester yenye mtutu wa inchi 22, umenunua vichwa (ile sehemu inayoruka) vya greni 165 (greni 7,000 ni ratili moja), unawinda kulungu huko Texas, na dukani umekuta makopo matatu: Varget, CFE 223 na H4831. Ubebe lipi? Beba Varget. Ila sababu zake ni muhimu kuliko jina, maana Varget huwa inaisha madukani na itabidi uchague mwenyewe.

Kwa wanaosoma wakiwa Tanzania au Kenya: kujijazia risasi nyumbani bila kibali ni kosa. Haya yanawahusu walioko Marekani na kwingine ambako sheria inaruhusu.

Anza na mwendo wa kuungua. Baruti isiyo na moshi hailipuki ndani ya ganda, inaungua, na kila aina ina haraka yake. Ganda la .308 likijazwa maji hadi mdomoni linabeba takriban greni 56, na kikomo cha presha kilichowekwa na SAAMI, taasisi ya viwango vya silaha na risasi ya Marekani, ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 62,000. Ukitia baruti ya haraka kama H110, ambayo ni ya bastola za magnum, utagonga kikomo hicho ganda likiwa na nafasi tele, na kichwa hakijapata kasi ya maana. H4831 ina tatizo la upande wa pili. Ni ya polepole, imekaa vizuri kwenye .270 Winchester na 7mm Remington Magnum. Kwenye .308 utajaza mpaka shingoni, presha bado iko chini, kasi hairidhishi, na chembe ambazo hazikuwahi kuungua zinatoka nje na kichwa. Baruti haina kosa hapo, ganda ndilo dogo kwake.

Kundi la .308 liko katikati: H4895, IMR 4895, IMR 4064, Varget, Reloder 15, N140 ya Vihtavuori, W748, CFE 223. Yoyote kati ya hizo itaangusha kulungu. Zikifika hapo, mimi napima kwa kigezo kimoja kabla ya vingine: baruti inayojaza ganda kwa asilimia 90 hadi 100 wakati presha inakaribia kikomo. Ganda likijaa, baruti inakaa pale pale mbele ya fataki (kiwashio cha kwenye kitako cha ganda) kila mara, bunduki ikiwa imeinama au imeelekezwa juu. Ganda lenye nafasi kubwa linaacha baruti ilale upande, na kasi inayumba kutoka risasi moja hadi nyingine. Chukua risasi uliyomaliza kujaza, itikise karibu na sikio. Ukisikia mchanga unacheza, kuna nafasi. Ukisikia kidogo sana au kimya, uko pazuri. Faida nyingine ni ya usalama: ganda lililojaa haliwezi kupokea kipimo mara mbili, baruti itamwagika mezani na utaiona.

Sasa joto. Varget ni ya vijiti, inatengenezwa Australia, na imepakwa kemikali ili mwendo wake usibadilike sana kati ya baridi na joto. CFE 223 ni ya punje za duara. Inatoa kasi kubwa kwenye .308, inapunguza shaba inayoganda ndani ya mtutu, na inamiminika kwenye kipimio (kifaa cha kumwagia baruti kwa kiasi) kama maji. Lakini inafuata hali ya hewa zaidi. Hatari iko kwa mtu anayetafuta kipimo chake Januari, asubuhi ya baridi, akasimama karibu kabisa na kikomo, halafu Agosti akaacha risasi kwenye dashibodi ya gari. Kipimo ni kile kile, presha siyo ile ile. Ukiichagua CFE 223, itafutie kipimo wakati wa joto, kisha uikubali kasi inayopungua msimu wa baridi. Baruti za duara pia ni ngumu kidogo kushika moto, ndiyo maana vitabu vingine vinataja fataki za magnum kwa ajili yake. Fuata fataki iliyoandikwa, usibadilishe kwa kuwa ulizonazo ni nyingine.

Hili la joto na nafasi ni somo lililosomwa kwenye mbuga zetu. Waingereza waliounda bunduki za tembo enzi za kodaiti, baruti yao ya zamani, walizipa maganda makubwa, kama la .470 Nitro Express, ili presha ibaki chini na ganda litoke hata kwenye jua kali. Mwaka 1956 .458 Winchester Magnum ikaja ikitaka kichwa cha greni 500 kiende vile vile kwa ganda la inchi 2.5 tu. Baruti ilibidi ishindiliwe, na baadhi ya risasi zikawa zinaganda ndani na kutoka bila nguvu, mbele ya mnyama asiyesubiri. Jack Lott alirefusha ganda hadi inchi 2.8 na tatizo likawa dogo. Kwa hiyo kujaa ni kuzuri, kushindilia kwa nguvu ni jambo jingine. Ukisikia baruti inavunjika kru-kru wakati unabonyeza kichwa, na kitabu hakikuandika kwamba kipimo hicho kinashindiliwa, acha.

Kuhusu kupima: vijiti virefu vya IMR 4064 vinakatwa na ngoma ya kipimio, mkono unahisi inakwama halafu inaachia. Ndiyo maana kipimo kinacheza. Mimina pungufu kidogo, malizia kwa kidonyezi (kifaa kinachodondosha chembe chache chache) juu ya mizani. Varget ni fupi kuliko hiyo lakini nayo inataka mizani.

Sehemu inayoumiza watu ni majina. H4895 na IMR 4895 ni baruti mbili. H4350, IMR 4350 na Accurate 4350 ni tatu. Namba inafanana, kipimo hakifanani. Vivyo hivyo ile jedwali ya kupanga baruti kutoka ya haraka hadi ya polepole: inaonyesha nani anamfuata nani, haionyeshi kwa umbali gani. Usichukue kipimo cha jirani yake kwenye orodha. Soma kopo, soma kitabu, vifanane herufi kwa herufi.

Na kitabu usome kwa kichwa ulichonacho, siyo kwa uzito peke yake. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko cha madini ya risasi yaliyofunikwa shaba chenye uzito ule ule, kinaingia ndani zaidi ya ganda na kula nafasi. Kina kipimo chake. Maganda ya jeshi ya 7.62 mara nyingi ni mazito kwa ndani, nafasi ni ndogo, presha inapanda mapema. Usiyachanganye na ya kiraia kwenye kundi moja.

Anzia kipimo cha chini kilichoandikwa. Kama kitabu kinatoa cha juu tu, punguza asilimia 10: cha juu kikiwa 45, unaanza 40.5 (hiyo ni hesabu ya mfano, usiimimine). Panda kwa greni 0.4 au 0.5, jaza tatu tatu, pima kasi kwa kronografu. Kasi ikifika ile ya kitabu kabla hujafika kipimo cha kitabu, umefika kwenye presha yake pia, simama hapo. Angalia kitako cha ganda: duara dogo linalong'aa pale penye kichomozi (pini inayotupa ganda nje), fataki iliyobapa hadi kingo zake zimepotea, komeo linalofunguka kwa kusukumwa. Ukiona kimoja, rudi chini. Lakini kutokuona si kibali. Dalili hizi hujitokeza presha ikiwa imeshapita kiasi, na kwenye .30-30, ambayo kikomo chake ni psi 42,000, utakuwa umepotea zamani kabla shaba haijasema kitu.

Usishuke chini ya kipimo cha kuanzia ukidhani ndiyo usalama. Baruti ya polepole iliyowekwa kidogo kwenye ganda kubwa imewahi kupandisha presha ya kuvunja bunduki. Ukitaka risasi laini ya kumfundishia kijana, tumia H4895: Hodgdon wenyewe, kampuni inayoiuza, wanaruhusu kushuka hadi asilimia 60 ya kipimo chao cha juu cha baruti hiyo.

Watakuambia inchi 22 ni mtutu mfupi, utafute baruti ya haraka zaidi. Karibu kila mara, iliyoshinda kwenye inchi 26 inashinda na kwenye 22. Kinachoongezeka ni moto mdomoni.

Ratili moja ni greni 7,000. Kwa vipimo vya karibu greni 44 unapata risasi 159, na majaribio yatakula 40 hivi. Kwa hiyo nunua makopo mawili au matatu yenye namba moja ya toleo. Toleo likibadilika, shuka na upande upya. Kopo moja tu liwe mezani. Ukimaliza, rudisha baruti kwenye kopo lake usiku huo huo. Ile iliyobaki kwenye kipimio bila jina ni ya kumwaga bustanini, usiibahatishe kwa rangi, nyingi ni nyeusi-kijivu. Kopo likifunguliwa na kutoa harufu kali ya asidi au vumbi jekundu kama kutu, imeoza, itoe nyumbani.

Varget ikikosekana, chukua IMR 4064 kama una subira ya mizani, H4895 kama huna. H4831 iache dukani, labda ununue na .270.