Shaba Isiingie Ndani ya Plastiki

Msomaji ameniandikia: elbo (kiungo cha kona) ya plastiki aliyoifungia koki ya shaba ya manjano ilikaa wiki mbili bila tone, kisha ikapasuka usiku na maji yakajaa jikoni. Anauliza kama hakuikaza vya kutosha. Hapana, ndugu yangu, uliikaza kupita kiasi.

Thredi dume ya koki, yaani mistari ya nje inayojizungusha ndani ya nyingine, mara nyingi ni nyembamba mdomoni na hunenepa kuelekea ndani. Kila ukizungusha, inafanya kazi ya kabari. Shaba haikubali kubonyea, kwa hiyo plastiki ndiyo inayotanuka. Siku ya kwanza inavumilia, ila inabaki imevutwa usiku na mchana hadi inachoka. Itazame elbo iliyopasuka: mara nyingi ufa umeanzia mdomoni na kunyooka kufuata urefu wa bomba.

Kwa hiyo dume liwe la plastiki, na jike, yaani tundu lenye thredi linalolipokea, liwe la shaba. Hapo shaba inaibana plastiki badala ya kuitanua. Koki ikiwa na thredi dume, tafuta elbo au soketi ya plastiki yenye thredi ya shaba iliyozamishwa ndani yake kiwandani. Usikubali ile ya plastiki tupu, hata ukiambiwa ni nene.

Tepu nyeupe ya kuziba thredi, mizunguko 3 au 4 inatosha. Acha thredi ya kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye maji, na ukitazama mdomo wa thredi, zungusha kufuata mshale wa saa. Wengi hujaza tepu kama bandeji wakidhani wanazuia kuvuja, kumbe wameongeza kabari. Nyuzi za katani, ambazo wengine huzifunga badala ya tepu, nazo hufura zikilowa, usiziweke kwenye jike la plastiki.

Kaza kwa mkono mpaka ikatae, kisha spana mzunguko mmoja, usizidi mmoja na nusu. Spana ya pili ishike upande wa pili ili bomba la ukutani lisijipinde. Ukirudisha nyuma hata robo ili elbo iangalie unakotaka, muhuri wa tepu umeharibika. Fungua yote, safisha, funga tepu mpya. Najua inachosha, lakini fanya.

Gundi ya PVC haishiki shaba, kwa hiyo usijaribu. Funga adapta (kipande cha kuunganishia) yenye thredi kwanza, ndipo uligundishe bomba kwake. Ukifanya kinyume utalisokota bomba zima.

Upande wa maji ya moto, PVC ya kawaida haifai kabisa, maana hulegea inapokaribia nyuzi 60 za Selsiasi. Tumia CPVC au PPR, ambazo ni plastiki zinazostahimili maji ya moto, na karibu na hita weka kipande cha bomba la chuma kisichopungua sentimita 45 kabla ya plastiki kuanza. Kama kuna kuchomelea, maliza na uache vipoe ndipo ulete plastiki.

Ukifungua maji, kausha kiungo, kizungushie karatasi laini, uiache usiku kucha. Asubuhi ipapase upande wa chini, maana tone hujificha huko.