Kabla hujanunua membreni mpya, pima maji kwanza

Maji ya kunywa kutoka mashine ya RO ya nyumbani yakianza kuonja chumvi, fundi wengi watakwambia "membreni imekufa" (yaani ule utando wa ndani unaozuia chumvi) hata kabla hawajafungua kifuniko. Mara nyingi iko hai. Huku kwetu Kigamboni tunategemea visima vya maji chumvi, na kifaa kilichoniokolea pesa kuliko vyote ni kipima TDS, kile kidogo kama kalamu kinachoonyesha kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji.

Pima yanayoingia, kisha yanayotoka. Yangu yanaingia na 1,400 hivi, yanatoka na 70. Yaani asilimia 95 ya chumvi imezuiwa. Ikishuka chini ya asilimia 80, hapo sawa, toa hela. Ila usipime maji ya kwanza ya asubuhi. Mashine ikilala, chumvi hupenya polepole hadi upande wa maji safi na kipimo kinapanda bure. Acha yatiririke dakika kadhaa, na upime kwenye mpira unaotoka kwenye membreni, si maji ya kwenye tanki.

Kama kipimo ni kizuri lakini maji ni kidogo, anza na filta za mwanzo, kisha presha. Simtanki lililo mita tatu juu linakupa takriban baa 0.3, wakati membreni hizi zinataka baa 3 hivi. Pampu ya mashine ikichoka, hata membreni mpya itatoa matone. Na kama tanki dogo la chini, lile la maji safi lenye hewa ya kuyasukuma, ni zito, limejaa, lakini bomba linatiririka kinyonge, hewa ya ndani imeisha. Limwage lote, jaza hewa kwa pampu ya baiskeli hadi nusu baa hivi, basi.

Chumvi imerudi na maji yameongezeka? Hapo nina wasiwasi na klorini, maana inaila membreni na haitengenezeki. Kama unasafisha simtanki kwa dawa, au unachanganya kisima na maji ya bomba, usicheleweshe filta ya kaboni. Lakini kwanza chomoa membreni uangalie oringi mbili ndogo (pete za mpira) kwenye ncha yake. Ikiwa moja imejikunja au imekatika, maji chumvi yanapita pembeni. Paka grisi ya silikoni. Usitumie Vaseline, hulegeza mpira.

Maji machafu, yale ya chumvi yanayotupwa na mashine, yakiendelea kutoka hata tanki likijaa, tazama valvu ya kuzuia maji yasirudi. Ni kitu cha bei ndogo. (Na maji hayo tumia chooni au kudekia, usimwagilie mchicha.)

Kuloweka membreni kwenye ndimu ili kutoa ukoko mweupe, sishauri. Viwanda vikubwa husafisha kwa asidi wakiwa na vipimo. Wewe nyumbani unabahatisha.

Ukisafiri, usiitoe membreni ikakauka. Iache ndani ya maji yake, funga bomba la kuingizia, na ukirudi mwaga tanki zima la kwanza kabla hujanywa.