Mkebe wa babu: mtoaji nimwandike nani?

SWALI: Shikamoo Bibi. Babu yetu, mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, alifariki mwaka jana akaacha mkebe wa biskuti umejaa fedha za Wareno. Nimepewa kazi ya kuziandika kwenye daftari kabla hazijagawanywa. Nimepiga mistari: nchi, mtoaji, thamani, mwaka. Mjomba anasema kwenye mtoaji niandike "Ureno" kote, tumalize. Lakini noti moja ya escudo 50 ya mwaka 1970 ina majina ya benki mbili, na nyingine ya Beira imetobolewa matundu madogo madogo. Sarafu ya centavo 50 babu aliiita "kinyenta". Nyingine imeandikwa 2$50, ni dola? Na je, ipo benki ya kuzibadilisha?
Mjukuu, Newala

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu, na poleni kwa msiba. Mwambie mjomba apunguze haraka. Mimi nilikaa dirisha la fedha za kigeni miaka 19, na daftari langu la kwanza la noti za zamani lilikuwa "Ureno" kutoka juu hadi chini, vile vile anavyotaka yeye. Siku mtu alipokuja kuulizia noti ya Beira, nilifungua bahasha moja baada ya nyingine mpaka wali ukaungua jikoni.

Hiyo $ haina uhusiano na Marekani. Wareno huiita cifrão, nayo hukaa katikati: kushoto escudo, kulia centavo. Kwa hiyo 2$50 ni escudo mbili na centavo hamsini. Ni alama ya tangu enzi za real, fedha yao ya zamani, ambayo kwa wingi waliita réis. Real ilikuwa imeshuka hata watu wakahesabu kwa maelfu: réis 1,000 ni mil-réis, réis milioni moja ni conto. Ufalme ulipoangushwa Oktoba 1910, jamhuri ikaleta escudo mwaka uliofuata, moja kwa réis 1,000, ikaigawa centavo 100. Serikali ilibadilisha hesabu, midomo ya watu ikagoma. Conto ikaendelea kutajwa, sasa kwa maana ya escudo 1,000. Na kinyenta ya babu yako ni quinhenta, yaani ile ya mia tano, kwa sababu centavo 50 ni sawa na réis 500. Kwenye thamani andika centavo 50 kama sarafu inavyosema, halafu pembeni andika kinyenta. Sarafu za namna hiyo zimepita mkononi mwangu nyingi. Matamshi ya babu yako ndiyo kwanza nayasikia.

Sasa mtoaji. Ukishika noti, jiulize: nani aliyeahidi kuilipa? Noti za Ureno kwenyewe zilikuwa za Banco de Portugal, iliyoanzishwa 1846. Za makoloni zilikuwa za benki nyingine, Banco Nacional Ultramarino, iliyofunguliwa Lisbon mwaka 1864, nayo ilitoa noti za Msumbiji, Cape Verde, Guinea-Bissau, Goa, Timor, Macau, na za Angola pia mpaka Banco de Angola ilipoundwa 1926. Wala si zote zilikuwa escudo: Goa walitumia rupia kwa muda mrefu, Macau pataka hadi leo. Ukiandika "Ureno" kote umewatia watu hawa wote gunia moja.

Noti yako ya majina mawili ndiyo niipendayo zaidi. Banco de Moçambique ilianzishwa Mei 1975, mwezi mmoja kabla ya uhuru. Noti mpya hazikuwa tayari, basi mwaka 1976 zile za mkoloni, pamoja na sura za maofisa wake wa kijeshi, zikagongwa jina la benki mpya juu yake. Mtoaji mwandike Banco de Moçambique, na kwenye maelezo utaje kwamba imegongwa juu ya noti ya Ultramarino. Mwaka uandike miwili: 1970 uliochapwa, 1976 uliogongwa. Noti za namna hiyo zilitembea mpaka Juni 1980, ilipokuja metical, fedha mpya ya Msumbiji, moja kwa escudo moja. (Hiyo metical ni mithkali yetu, kipimo cha dhahabu kilichojulikana Kilwa na Sofala kabla Vasco da Gama hajatia nanga.)

Ya matundu iinue dirishani, mwanga upite. Nadhani utasoma PAGO na tarehe 5.11.1942. Maana yake imelipwa. Manica na Sofala, upande uliko mji wa Beira, zilitawaliwa na kampuni, Companhia de Moçambique, kwa hati ya mfalme, mpaka serikali ilipozichukua 1942. Jina la kampuni likiwa ndilo lililochapwa, mtoaji ni kampuni. Mjomba atashangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sarafu hazisumbui: mtoaji ni serikali, na jina la koloni limeandikwa pale pale.

Ukiona jina dogo ukingoni chini ya noti, huyo ni mchapaji. Usimchanganye na mtoaji. Kosa hilo liliwahi kuitikisa Ureno nzima. Mwishoni mwa 1924 tapeli wa Kireno, Alves dos Reis, alighushi mikataba, akawafanya Waterlow & Sons wa London waamini kwamba Banco de Portugal inataka noti za escudo 500 kwa ajili ya Angola. Mwaka 1925 wakazichapa, kwa mabamba halali, sura ya Vasco da Gama. Mchapaji ni yule yule na noti ni ile ile, ila mwenye benki hana habari! Utapeli uligunduliwa Porto mwezi Desemba, namba zilipoonekana zimejirudia. Benki ilishindwa kuzitenga, ikawabadilishia watu zote, halafu ikamshitaki mchapaji na kushinda mwaka 1932.

Kubadilisha? Hapana. Banco de Portugal ilipokea noti zake za mwisho za escudo hadi tarehe 28 Februari 2022, na hizo ni zake yenyewe tu. Za Msumbiji hazikuwa deni lake hata siku moja.

Usizipige pasi, wala usizibandike kwa gundi au selotepu. Na ile ya Beira nipigie picha pande zote mbili kabla mjomba hajaigawa.